Maneno Mawili Yenye Sauti Moja

Leo twapenda kueleza msemo mmoja wa Kiingereza ambao wanafunzi huukosea waandikapo, wala hawaukosei wasemapo: nao ni "on a roll", yaani kushinda tena na tena.

Sababu ya kosa ni hii. Kiingereza kina neno "roll", maana yake kuviringika. Tena kina neno "role", maana yake sehemu apewayo mtu katika mchezo wa kuigiza, au kazi yake katika shughuli. Masikioni ni neno moja. Karatasini ni mawili. Hata asili yao ni ya udugu, kwa kuwa "role" lilitoka kwa Wafaransa, nalo lilitaja karatasi iliyoviringishwa, ambamo mwigizaji aliandikiwa maneno yake. Lakini udugu huo haumruhusu mmoja kukaa mahali pa mwenziwe.

Ili tusisahau, tuitazame milima yetu ya mawe. Jiwe likianza kuviringika kutoka juu ya Bugando, halisimami upesi. Kadiri liendavyo huzidi nguvu. Ndivyo ilivyo kwa timu ishindayo bila kukoma. Simba walitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara misimu 4, tangu 2017/18 hata 2020/21. Kisha Yanga nao wakautwaa misimu 4, tangu 2021/22 hata 2024/25. Hapo msemo huu wafaa. Aliyeshinda mara moja tu haumstahili.

Nasi tuandikapo Kiswahili, tusiseme "wako juu ya mviringo". Lugha yetu ina neno lake, "mfululizo", nalo lina sharti: pasiwe na pengo. Mvuvi wa dagaa aliyejaza mtumbwi usiku wa Jumatatu, wa Jumanne na wa Alhamisi amefanikiwa mara tatu, si mara tatu mfululizo. Akiandika "mfululizo" katika barua ya kuomba mkopo wa chama cha ushirika, na daftari la mwaloni likaonyesha Jumatano tupu, msomaji wa barua atayatilia shaka hata yaliyo kweli, na mkopo utampita.

Basi, ndugu zetu, msemo wa Kiingereza uwe wa mazungumzo na barua za rafiki. Katika barua ya kazi andikeni siku na hesabu yake. Hiyo haina neno la kufanana nayo. Kwaherini.