Je, Waya Mpya na Amplifaya Huboresha Sauti ya Hedifoni?



Zipo bidhaa ambazo mnunuzi huweza kuzikagua kwa macho kabla ya kutoa pesa yake, na zipo ambazo ubora wake hujificha. Vifaa vya sauti vimo katika kundi hili la pili. Leo tumechagua jambo linaloonekana dogo, ingawa huwagharimu sana vijana wanaorekodi na kuchanganya muziki majumbani, watangazaji, viongozi wa kwaya na kila mtu apendaye kusikiliza kwa makini. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyekwisha kununua hedifoni za mgongo wazi, akiongeza waya wa bei ghali na amplifaya, je, sauti itakuwa bora zaidi?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba waya mzima, usio na hitilafu, ukibadilishwa kwa waya mwingine mzima, sikio halipati faida. Amplifaya husaidia katika hali mbili: pale chombo ulichonacho kinaposhindwa kuzipa hedifoni nguvu zinazohitajika, na pale kinapokuwa na ukinzani mkubwa kwenye tundu lake la kutolea sauti. Nje ya hali hizo, mnunuzi hulipia umbo, jina na matumaini. Tunaomba ridhaa yenu tueleze sababu zake.

Hedifoni za mgongo wazi ni zile ambazo kava zake za nje zina matundu au wavu, hivyo hewa na sauti hupita pande zote mbili za kiwambo. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa hedifoni za kwanza za aina hiyo, HD 414, mwaka 1968. Sauti yake huhisiwa kuwa pana, kama inayotoka chumbani badala ya ndani ya kichwa. Kasoro yake ni kwamba jirani husikia unachosikiliza, nawe husikia kelele za jirani. Kwa hiyo hazifai ndani ya daladala wala karibu na maikrofoni inayorekodi. Nyingi miongoni mwa zile mashuhuri zina ukinzani mkubwa. HD 600, iliyotoka mwaka 1997, ina omu 300. DT 990 ya beyerdynamic huuzwa pia kwa toleo la omu 250. Hapo ndipo mnunuzi anapoambiwa kwamba bila amplifaya amepoteza pesa yake.

Tuanze basi na amplifaya, kwa kuwa hoja yake ina ukweli ndani yake. Kila hedifoni ina kipimo cha usikivu, yaani kiasi cha sauti inayotolewa kwa milliwati 1 ya umeme. HD 600 hutoa desibeli 97 kwa milliwati 1. Kila sauti inapopanda kwa desibeli 10, nguvu inayohitajika huwa mara 10. Kwa hesabu hiyo, kufikia desibeli 100 kunahitaji milliwati 2 tu. Kufikia desibeli 110, ambacho ni kilele cha ghafla cha ngoma au tarumbeta, kunahitaji milliwati 20, nazo kwa omu 300 hudai volti 2.5 hivi. Kichomeo kidogo cha simu kinachotoa volti 1 kitaifikisha HD 600 kwenye desibeli 102.

Je, desibeli 102 ni chache? Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 kwa wiki. Kwa hiyo, kwa usikilizaji wa kawaida, kichomeo hicho kina nguvu kuliko zile ambazo sikio linapaswa kupewa kwa muda mrefu. Amplifaya kubwa itahitajika na anayesikiliza rekodi zilizo tulivu zenye vilele virefu, kama za okestra, ambapo sauti ya wastani hukaa chini na vilele hudai nafasi. Mwingine atakuwa amenunua uwezo asioutumia, au atautumia kwa kuyadhuru masikio yake. Kelele ikishaharibu chembechembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio, mwili wa binadamu hauzioteshi upya. Amplifaya hurudishwa dukani. Sikio halina duka.

Zipo, hata hivyo, hedifoni ambazo amplifaya kwake ni lazima. HE-6 ya HIFIMAN, nayo ni ya mgongo wazi, hutoa desibeli 83.5 tu kwa milliwati 1. Ili kufikia kilele cha desibeli 110 itahitaji karibu milliwati 450, na hakuna simu itoayo kiasi hicho. Ona basi kwamba HE-6 ina omu 50 tu, pungufu sana kuliko HD 600, lakini njaa yake ya umeme ni mara 20 na zaidi. Anayetazama omu peke yake atakosea. Dalili za upungufu wa nguvu ni za wazi: sauti imefunguliwa hadi mwisho nayo bado ni ndogo, au besi hupasuka vilele vinapofika. Usipoziona dalili hizo, chombo chako kinatosha.

Hali ya pili inahusu ukinzani wa tundu la kutolea sauti. Ukinzani wa hedifoni haubaki ule ule kwa sauti zote. HD 600 huitwa ya omu 300, lakini kwenye besi, karibu na hezi 100, hupanda hadi kupita omu 500. Ikichomekwa kwenye chombo chenye ukinzani mdogo, tuseme omu 1, mpando huo haubadilishi kitu cha kusikika. Lakini vipo vyombo vyenye ukinzani wa omu 120, kiasi kilichowahi kupendekezwa katika kiwango cha kimataifa IEC 61938. Katika vyombo hivyo besi ya HD 600 huongezeka kwa takriban desibeli 1 ikilinganishwa na sauti nyingine. Tofauti hiyo husikika, na wapo wanaoipenda na kuiita sauti yenye joto. Hata hivyo, ni badiliko la mizani ya sauti, ambalo ekwalaiza ya simu hulifanya bila malipo. Kanuni rahisi kwa mnunuzi ni kwamba ukinzani wa tundu la amplifaya usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni.

Sasa tuje kwenye waya. Tuchukue waya wa shaba wa urefu wa mita 3, wenye unene wa milimita mraba 0.1. Umeme huenda na kurudi, hivyo njia yake ni mita 6, na ukinzani wake ni takriban omu 1. Mbele ya hedifoni ya omu 300, omu hiyo moja hupunguza sauti kwa desibeli 0.03. Hakuna sikio la binadamu lisikialo kiasi hicho. Madini ya fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi tu. Kwa hiyo anayebadili waya wa shaba kwa waya wa fedha wenye unene ule ule ameokoa chini ya moja ya kumi ya omu. Faida hiyo hiyo angeipata kwa kuongeza unene wa shaba kidogo, kwa bei ndogo sana.

Wauzaji wengine husema kwamba sauti nyembamba husafiri kwenye ngozi ya waya, ndiyo maana waya maalumu unahitajika. Jambo hilo ni kweli katika fizikia, lakini vipimo vyake havihusiki hapa. Kwa hezi 20,000, ambazo ni ukomo wa sikio la kijana, umeme hupenya kwenye shaba kwa kina cha milimita 0.46. Waya tuliouzungumzia una nusu-kipenyo kisichofika milimita 0.2. Umeme huutumia wote.

Hatusemi kwamba waya haununuliwi. Waya uliokatika ndani, plagi inayokoroma ukiigusa, waya mfupi usiofika mezani, au waya mzito unaokwaruza nguo na kupeleka kelele masikioni, wote unastahili kubadilishwa. Waya wa akiba ni ununuzi wa busara kwa mwenye kazi, na fundi mzuri wa kulehemu huokoa waya wa zamani kwa gharama ndogo. Upo pia waya wa njia nne, ufanyao kazi na amplifaya za muunganisho wa namna hiyo. Katika amplifaya nyingi za aina hiyo volti huweza kuwa maradufu, yaani nyongeza ya desibeli 6. Anayehitaji nguvu zaidi atafaidika. Aliye nazo za kutosha atapunguza sauti na kubaki alipokuwa.

Mtauliza: mbona watu waaminifu husema wamesikia tofauti? Hatuwaiti waongo. Sauti iliyozidi kidogo tu, hata kwa kiasi ambacho msikilizaji haking'amui, huonekana kuwa safi zaidi. Hedifoni ikivuliwa na kuvaliwa tena hukaa mahali tofauti kidogo, na besi hubadilika. Kumbukumbu ya sauti ni fupi, na kubadili waya huchukua muda. Zaidi ya yote, aliyelipa pesa nyingi husikiliza kwa makini kuliko siku zote, naye hugundua mambo yaliyokuwamo tangu awali. Ndiyo maana watafiti hutumia majaribio ya upofu, ambamo msikilizaji hajui anachosikiliza. David Clark alieleza kifaa cha majaribio ya namna hiyo katika jarida la Jumuiya ya Wahandisi wa Sauti mwaka 1982.

Nanyi mnaweza kufanya jaribio hilo nyumbani. Kwanza, sawazisheni sauti za amplifaya mbili kwa mita ya umeme, volti zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 1. Pili, msaidizi arushe sarafu na kuchagua chombo bila msikilizaji kuona. Tatu, rudieni mara 10. Anayebahatisha tu atapata 9 au zaidi mara moja hivi katika kila majaribio 100. Akipata 9, amesikia kitu. Akipata 5 au 6, aiweke pesa yake mfukoni.

Bei nayo si kipimo. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha utafiti wa hedifoni 283, wala hakuona uhusiano kati ya bei na namna hedifoni inavyogawa besi, sauti za kati na sauti nyembamba. Ikiwa hilo ndilo hali ya hedifoni zenyewe, waya una hoja gani? Aliye na pesa ya kuongeza, tunamshauri afuate utaratibu huu: abadilishe sponji za masikioni zilizochakaa, kwa kuwa zikilala sauti hubadilika waziwazi, ajifunze kutumia ekwalaiza, atafute chumba tulivu, kisha, kama bado haridhiki, ajaribu hedifoni nyingine. Mabadiliko makubwa hutoka kwenye chombo kigeuzacho umeme kuwa sauti.

Kwa ndugu wafanyabiashara tuna neno la heshima. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Waya una sifa za kweli za kuuzwa: uimara, wepesi, urefu, aina ya plagi na udhamini. Zitangazeni hizo. Anayeahidi kwamba waya wake hufungua besi au huondoa pazia mbele ya muziki awe tayari kuonyesha vipimo.

Kwa mlaji tunahitimisha kwa maswali manne ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutoa pesa. Usikivu wa hedifoni ni desibeli ngapi kwa milliwati 1? Ukinzani wake ni omu ngapi? Amplifaya hutoa milliwati ngapi kwa ukinzani huo, na tundu lake lina omu ngapi? Je, naweza kujaribu na kurudisha, na hilo liandikwe kwenye risiti? Majibu ya maswali matatu ya kwanza ni tarakimu, na tarakimu hukaguliwa. Muuzaji akijibu kwa sifa tupu, kumbukeni waliosema wahenga: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.