Kwa Nini Wanapangusa Vyura



Mmeniuliza kwa nini watu wa maabara huja vijitoni usiku na tochi, wakashika vyura, wakawapangusa tumbo kwa kijiti cha pamba, halafu wakawaachilia. Kuna waliosema ni uchawi. Si uchawi, ni kupima ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe huletwa na kuvu ndogo sana, haionekani kwa macho. Ilijulikana mwaka wa 1998, baada ya vyura kufa kwa wingi huko Australia na Amerika ya Kati. Inakaa katika ngozi. Sasa, chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Maji na chumvi za mwili wake hupita kwenye ngozi. Ngozi ikiharibika, chumvi za damu zinapungua mpaka moyo unasimama. Binadamu hapatwi, wala ng'ombe, wala kuku. Kwa hivyo mama asiogope kuchota maji.

Lakini msiuone ni mchezo. Utafiti uliotolewa 2019 ulihesabu aina 501 za vyura na jamaa zao zilizopungua duniani kwa ajili ya kuvu hiyo, na 90 kati yao zinadhaniwa zimekwisha. Hapa jirani, Tanzania, kuna chura mdogo wa manjano wa bonde la Kihansi, milima ya Udzungwa. Huzaa watoto walio hai, hatagi mayai. Bwawa la umeme lilipochukua maji ya maporomoko mwaka wa 2000, makao yake yalikauka, ikabidi kuwekwa mabomba ya kunyunyiza. Katikati ya 2003 walikuwa bado maelfu. Mwanzo wa 2004 ilikuwa shida kumwona hata mmoja, na waliokufa walipopimwa, kuvu ilipatikana. Wataalamu bado wanabishana kama ni kuvu peke yake iliyowaua. Mwaka wa 2009 ilitangazwa kwamba wamekwisha porini. Bahati njema wengine walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Sasa kupima. Kila chura ana kijiti chake na glavu zake mpya. Ukishika mgonjwa kisha mzima kwa glavu ile ile, umemwambukiza wa pili, na pia umeidanganya maabara. Pamba hupitishwa tumboni, mapajani na kwenye vidole vya miguu ya nyuma. Kiluwiluwi hupanguswa mdomoni, maana kuvu hupenda sehemu ngumu ya ngozi, naye anayo hapo tu.

Kule maabara, mashine hupasha moto na kupoza ile sampuli mara nyingi, na kila mara huzidisha alama za urithi za kuvu. Kama hakuna kuvu, hakuna cha kuzidisha. Ikionekana mapema, ni nyingi. Ikichelewa, ni kidogo. Kando yake huwekwa kichupa cha maji matupu. Kikisema "kuvu ipo", basi uchafu umeingia, na kazi yote inarudiwa. Mimi hupenda sana kichupa hicho, kwa sababu hakimwogopi mkubwa yeyote.

Chura mmoja akikosa kuvu, usiseme kijito kizima ni salama. Ndiyo maana wanashika wengi. Tena akiwa nayo, si lazima afe. Utafiti uliochapishwa 2010 uliikuta kuvu hii sehemu nyingi za Kenya, na wapo vyura wanaoibeba wakionekana wazima kabisa.

Kwa hiyo wakija kwenu, kwanza waulizeni kibali, na majibu yataletwa lini. Ni haki yenu, kijito ni chenu. Angalieni pia gumbuti zao, na zenu mnaotoka bwawa moja la samaki kwenda lingine. Ondoeni tope kwa brashi, pakeni dawa ya klorini ya kufulia, kisha anikeni juani zikauke kabisa. Maji hayo ya dawa yasimwagwe kijitoni. Mwageni mbali, kwenye udongo mkavu.