Gari Kuukuu Lizimikapo Njiani

Leo nataka kusema nanyi juu ya magari makuukuu ya safari, yale yenye kitanda na jiko ndani, ambayo watu huyaita gari-nyumba. Mengine hupita kwetu Mara, yakitoka mpaka wa Sirari kushukia Bunda, kisha lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Mengine hukata njia Makutano yaende Butiama, mahali alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Gari kama hilo likizimika, mara watu hulizunguka, na kila mtu ana shauri lake. Huyu asema betri, yule asema plagi, na wa tatu amekwisha shika bisibisi anafungua kabureta.

Mimi nasema, msifungue kabureta kabla ya kujua petroli imekwama wapi. Angalieni kwanza gari lilivyokufa. Likizimika ghafula kama taa iliyopulizwa, mara nyingi kosa ni la umeme. Lakini likilegea, likashtuka-shtuka, likapata nguvu kidogo, kisha likafa, mara nyingi lina njaa ya mafuta. Hapo ifuateni petroli toka tangini, kama mtu afuatavyo mfereji atafute palipoziba.

Kabla ya kugusa kitu, zimeni jiko la gesi, na friji pia ikiwa yatumia moto wa gesi, maana moto wake mdogo husahauliwa. Mwenye sigara na akae mbali. Wala mtu asinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni yaweza kuua. Na aliyeimeza asitapishwe, bali apelekwe hospitali upesi.

Je, tangini mna mafuta? Msicheke, kipimo cha gari la zamani ni mwongo mkubwa. Ingizeni kijiti safi mpime. Kisha tazameni kifuniko. Tangi hupumua: petroli ikitoka, yapasa hewa iingie mahali pake. Kitundu cha hewa kikizibwa na vumbi, pampu huvuta mpaka ishindwe. Ninyi wanafunzi, jaribuni kunywa maji kwa mrija katika chupa iliyozibwa kabisa mdomoni, mtafahamu mara moja.

Dalili yake ni hii: gari huenda kilomita chache, huzimika, hupumzika, kisha huwaka tena kama kwamba halikuwa na neno. Lakini joto nalo huleta dalili iyo hiyo, na hapa ndipo wengi wapoteapo. Petroli huanza kugeuka mvuke katika joto dogo sana. Nasi tuko juu. Hata Musoma, pale ukingoni mwa ziwa, ni zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kadiri upandavyo petroli huchemka upesi zaidi. Gari zito likipanda kilima mchana wa jua, mvuke hujaa katika bomba, na pampu haiwezi kuusukuma vema. Mtatofautishaje? Fungueni kifuniko cha tangi polepole. Mkisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio, na gari likawaka, kosa ni kifuniko. Msiposikia kitu, wekeni kitambaa kilichoroweshwa maji juu ya pampu na bomba, mngoje kidogo. Likiwaka, lilikuwa joto.

Kama sivyo, acheni injini ipoe, toeni waya wa koili ili pasiwe na cheche, chomoeni bomba la mafuta penye kabureta, mlielekeze katika chupa ya kioo, kisha mwenzenu azungushe injini. Petroli ikiruka kwa nguvu, pampu ni nzima. Ikidondoka tu, tazameni chujio, kwani tangi kuukuu hutoa kutu kama unga. Acheni chupa itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na mpaka wao huonekana wazi. Mafuta ya madumu mara nyingi yana maji na mchanga. Yachujeni kabla ya kuyatia.

Mipira ya mafuta yataka macho ya kijana. Uingereza tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida yaweza kuwa na spiriti hadi asilimia 10, na spiriti hulainisha mipira ya kizamani. Gari lililotoka huko laweza kuja na ugonjwa wake. Katika Kombi za zamani za Volkswagen injini iko nyuma, na tangi liko karibu nayo mno. Mpira ukipasuka hapo, petroli humwagika juu ya chuma cha moto, na gari huungua lote pamoja na vitanda vyake. Mpira wenye nyufa haufungwi kwa utambaa. Hubadilishwa, hata kama safari italala Bunda.

Yote hayo yakiwa mema, sasa fungueni kabureta, msafishe tundu lake dogo kwa kupuliza, si kwa waya, maana waya hulipanua.

Gari la dizeli lina desturi yake. Likiishiwa mafuta, kutia mengine mara nyingi hakutoshi, kwa sababu hewa imeingia mabombani. Legezeni parafujo ya kutolea hewa penye chujio, pigeni pampu ndogo ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, kisha kazeni, mwashe.