Rangi ya Kiondo Isiingie Sufuria ya Ugali

(Mazungumzo na vikundi vya kusuka vyondo)

Leo tuzungumze juu ya ile rangi ya unga tunayotia katani kabla ya kusuka. Rangi hiyo inatusaidia kulipa karo. Hatusemi iachwe, tunasema tuijue.

Nyanya zetu walichemsha magome na mizizi. Rangi ya dukani ina ukoo mwingine. Mwaka wa 1856 kijana Mwingereza, William Perkin, alipata rangi ya zambarau kutoka kwa anilini, kemikali iliyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Anilini ni ya jamii ya amini, kemikali zenye naitrojeni. Mwaka wa 1858 Mjerumani Peter Griess aligundua jinsi ya kugeuza amini ili iungane na kemikali nyingine. Kutokana na kazi hiyo zikaja rangi za azo, na ndizo nyingi zaidi viwandani hadi leo.

Azo ni nini? Ninyi wasusi mtaelewa upesi. Chukua kamba mbili, uzifunge fundo. Kamba ni vipande viwili vya kemikali, na fundo ni chembe mbili za naitrojeni zilizoshikana. Bila fundo hilo, ule wekundu au umanjano hupotea.

Shida ni kwamba fundo hufunguka. Mtu akimeza rangi, vijidudu vya tumboni pamoja na ini hulikata, na amini hutoka tena. Si amini zote zilizo mbaya. Lakini kuna kama bensidini, ambayo huleta kansa ya kibofu cha mkojo, pengine baada ya miaka 20 au zaidi. Mwaka wa 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt alitangaza kwamba ameona uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi.

Mtauliza, tutajuaje pakiti mbaya? Kwa macho hatuwezi. Nyekundu ya hatari na nyekundu salama zinafanana kabisa. Kwa hivyo tufanye hivi:

1. Sufuria na mwiko wa rangi viwe vya rangi tu. Kuosha hakutoshi.
2. Unga usipeperuke. Funga kitambaa puani na mdomoni, vaa glavu za mpira, na watoto wakae mbali.
3. Usilainishe uzi uliotiwa rangi kwa mate, wala kuushika kwa meno.
4. Maji ya rangi yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima.
5. Kikundi kinunue pamoja, pakiti yenye jina la rangi na la kiwanda. Ile ya kupimwa kwa kijiko bila jina, tuiache.

Jambo hili ni la soko pia. Mwaka wa 2002 Umoja wa Ulaya ulikataza rangi za azo zinazotoa amini hizo mbaya kupita miligramu 30 kwa kilo, katika vitu vya nguo na ngozi vinavyogusa mwili kwa muda mrefu. Mikoba ya mkononi imetajwa humo. Mnunuzi wa huko akiuliza mmetumia rangi gani, kikundi kilichotunza pakiti kina jibu.

Na mtu akiona damu kwa mkojo, asinyamaze kwa haya. Huenda ni kichocho, huenda ni kingine. Aende zahanati apimwe, na aseme kazi yake ni ya rangi.