Maradhi ya Moyo Yaliyo Mengi Kwetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Nachingwea na Ruangwa)



Nimetakiwa niseme machache juu ya maradhi ya moyo. Mimi ni karani, si tabibu. Niliyo nayo nimeyapata vitabuni na kwa kuwauliza wenye kazi yao.

Moyo ni nyama, ukubwa wake mfano wa ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne na milango minne, nao hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Watu husema "ugonjwa wa moyo" kana kwamba ni mmoja, sivyo. Huweza kuharibika nyama yenyewe, au milango, au mishipa iulishayo.

Ulio mwingi kwa watu wazima ni ule utokanao na presha. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi miaka mingi, moyo hunenepa kama mkono wa mtwangaji, kisha huchoka. Katika uchunguzi wa Muhimbili uliotangazwa mwaka 2014, wagonjwa 427 ambao mioyo yao imeshindwa kazi walitazamwa, na kwa 45 katika kila mia asili yake ilikuwa presha. Hila ya presha ni kwamba haiumi. Mtu hupimwa, huonekana ana 160 juu ya 100, hupewa vidonge, na mwezi wa pili huviacha kwa kuwa ajiona mzima. Lakini alijiona mzima hata siku ile alipopimwa! Chumvi nayo isipite kijiko kimoja cha chai kwa siku, na katika hesabu hiyo imo ile ya samaki mkavu aletwaye kutoka pwani.

Sasa nawaomba mnisikilize zaidi, kwa maana ugonjwa huu wa pili huwapata watoto, hasa wa miaka 5 hata 15. Huanza kooni. Mtoto hupata mafindofindo na homa. Baada ya wiki mbili au tatu magoti na vifundo humvimba na kumuuma, leo hapa, kesho pale. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo hupona, milango ya moyo hubaki na kovu, na kila homa ikirudi kovu huzidi. Miaka ikipita utamwona kijana hawezi kupanda kilima asitwete. Wengi wetu tumezoea kumpeleka mtoto wa namna hii kwa mkata kimeo. Kukata kimeo hakuui vijidudu vilivyomo kooni, na kisu chenyewe chaweza kuleta damu nyingi na sumu. Dawa ni penisilini, ambayo bei yake ni ndogo. Ikitolewa mapema, koo lingali bichi, homa ile huzuilika. Aliyekwisha kuipata hudungwa sindano kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi.

Wako pia akina mama ambao mwezi wa mwisho wa mimba, au miezi michache baada ya kujifungua, huvimba miguu na kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Jirani watasema ni safura, au amerogwa. Yaweza kuwa nyama ya moyo imelegea, na kukawia ni hatari.

Kuziba kwa mishipa ya moyo, kunakouma kifuani na kushuka mkono wa kushoto, ni kuchache kwetu kuliko Ulaya, lakini kunaongezeka. Mvuta tumbaku ajihadhari.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2015, na huko hupasuliwa hata watoto waliozaliwa na tundu moyoni. Zamani wengi walipelekwa India. Kwetu huanzia zahanati, kisha hospitali ya wilaya, au Ndanda. Sisi watumishi tuna kadi ya bima. Jirani zetu wakulima wengi hawana, na nauli hungoja korosho ziuzwe. Sindano haingoji korosho.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta ombi moja: mwanachama yeyote ambaye mtaani kwake yuko mtoto wa sindano hizo, kwa idhini ya wazazi, aziandike tarehe zake katika kalenda yake, na siku mbili kabla apite nyumbani kwao kuwakumbusha. Naomba lijadiliwe leo.