Hukumu Isiyongoja: Ngandu 1893 na Mahakama za Leo



Nyangwe ilitekwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo tarehe 4 Machi 1893, Kasongo 22 Aprili, na hapa Kabambare Januari 1894. Kati ya walioifungulia Dola hiyo njia alikuwa Ngongo Lutete, mtawala wa Ngandu, aliyempigania mfanyabiashara Tippu Tip kabla ya kujiunga na Dhanis, kamanda wa jeshi hilo, mwaka 1892. Kabambare ilipotekwa, yeye alikuwa kaburini, na waliomuua ni hao hao aliowasaidia.

Septemba 1893 maofisa wa Dola hiyo waliokuwa Ngandu walimkamata kwa tuhuma ya uhaini. Likaketi baraza la kijeshi, likamhukumu kifo. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyelitumikia jeshi hilo, ameandika kwamba Ngongo alijaribu kujinyonga kizuizini kwa kamba ya nguo zake. Wakamwahi, wakaikata kamba, wakamzindua, na alipopata fahamu wakampiga risasi. Ilikuwa tarehe 15. Amri ya Dhanis ya kumwokoa ilikuta amekwisha kuzikwa.

Deni la kifo hicho lililipwa na wengine. Julai 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao watu wa Ngongo, waliasi wakamuua kamanda wao, Pelzer.

Kosa la namna hii si la vita peke yake. Baharia Msomali Mahmood Mattan alinyongwa Cardiff, Wales, tarehe 3 Septemba 1952 kwa mauaji ya mwenye duka, Lily Volpert. Februari 1998, baada ya miaka 45, Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu ile, kwa kuwa ushahidi wa shahidi mkuu, Harold Cover, haukuaminika. Wakili wa utetezi hakuonyeshwa maelezo ya awali ya Cover kwa polisi. Mjane wa Mattan alisafishiwa jina la mumewe, lakini mwuaji wa Volpert hajahukumiwa hadi leo. Mtu akishanyongwa, nani atamtafuta mwingine?

Hata hivyo, Cardiff kulikuwa na jalada, na ndilo lililosema kweli mwishowe. Ngandu hakuna aliyengoja hata jibu la mkubwa wake.

Tarehe 13 Machi 2024 Wizara yetu ya Sheria hapa Kongo ilitoa waraka wa kurudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo, uliokuwa umesimamishwa tangu 2003. Miongoni mwa waliolengwa ni wasaliti jeshini. Mashariki yetu inavuja damu, na wasaliti wapo, sibishi. Lakini shtaka ni lile lile la Ngandu, na hasira ya vita ni ile ile.

Basi ninyi wanafunzi wa sheria mtakaokaa mahakama za kijeshi, msikubali mtu ahukumiwe kifo bila wakili aliyeliona jalada zima, wala auawe kabla rufaa yake haijasikilizwa. Aliyefungwa kimakosa hufunguliwa. Ngongo hatukuweza kumfungua.