Picha ya nyuma ya jicho: kwa nini ipigwe mapema na itunzwe

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti katika mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii



Idara ya Afya imeniomba nizungumze nanyi kuhusu picha, kwa kuwa picha ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mimi si daktari. Mambo ya dawa na upasuaji atayaeleza afisa wetu wa kliniki wa macho, ambaye ameketi hapa mbele na ameniahidi kunikatiza nikikosea. Langu ni moja. Picha ya retina ni rekodi, na rekodi ina faida ikiwa imewekwa mapema, ikaandikwa vizuri, na ikaweza kupatikana mgonjwa atakaporudi mwaka ujao.

Tuanze na kitu mnachokijua. Ukipiga picha harusini usiku kwa flashi, watu kadhaa watatokea na macho mekundu. Wekundu ule si ubovu wa simu. Mwanga umeingia kupitia mboni, ukagonga retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ukarudi na rangi ya damu iliyoko huko ndani. Kwa hivyo karibu kila mwenye simu hapa ameshapiga picha ya retina, ingawa ni picha isiyoonyesha lolote zaidi ya rangi.

Na hiyo rangi yenyewe ina habari. Ukiangalia picha za mtoto mdogo ukaona jicho moja jekundu na jingine linang'aa jeupe, kama jicho la paka gizani, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Huenda ni mtoto wa jicho, au huenda ni uvimbe wa saratani ya retina ambao huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Ikigunduliwa mapema, saratani hiyo hutibika na mtoto huishi. Ikicheleweshwa, hutoka nje ya jicho na kufuata njia ya neva hadi kwenye ubongo. Mama akikuonyesha picha kama hiyo kwenye simu, mwandikie rufaa siku hiyo hiyo, hata kama mtoto anacheza na kucheka. Nimeanza na hili kwa sababu halihitaji kifaa chochote ambacho hamna.

Sasa tuje kwenye kamera yenyewe. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyewapa madaktari kifaa cha kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai, mwaka 1851. Lakini kutazama ni jambo moja na kuhifadhi ulichokiona ni jingine. Kwa miaka mingi daktari alichungulia, kisha akachora kwa penseli. Mwaka 1886 Jackman na Webster walifaulu kupiga picha ya retina ya binadamu, na mgonjwa alitakiwa kutulia dakika mbili na nusu bila kutikisa jicho. Jaribuni kukodoa macho dakika mbili na nusu mbele ya taa kali, kisha mniambie. Leo ni mwako mmoja wa flashi.

Wagonjwa wetu wengi huogopa neno "mashine", kwa hivyo waelezeni hatua kwa hatua. Mgonjwa huwekewa matone ya kupanua mboni na kusubiri kiasi cha nusu saa. Kisha huketi, huweka kidevu kwenye kibao, paji la uso hugusa mkanda, na huangalia kitaa kidogo. Hakuna kinachogusa jicho wakati wa kupiga. Mwanga unawaka, macho yanaona kiwingu kwa muda mfupi, basi. Kero iko baadaye: matone yakishafanya kazi, jua huumiza macho na maandishi ya karibu hayasomeki kwa saa kadhaa. Mwendesha bodaboda asije na pikipiki yake. Aje na mtu, na kofia.

Picha inayotoka ni duara la rangi ya chungwa. Ndani yake kuna kisahani cheupe cheupe chenye umanjano, ambapo neva ya jicho inaingia, na mishipa ya damu inayotawanyika kutoka hapo kama mito kwenye ramani. Hapo mishipa ya damu inaweza kuonekana moja kwa moja bila kukata ngozi. Ndiyo maana mtu wa kisukari au presha hutumwa kwa watu wa macho ingawa yeye anasema anaona sawasawa.

Hapo ndipo tunapowapoteza watu. Kisukari huharibu mishipa midogo ya retina polepole. Kwanza huonekana vitone vyekundu, kisha madoa ya damu, mafuta ya manjano yaliyovuja, na mwishowe mishipa mipya dhaifu inayopasuka kirahisi. Muda huu wote retina haiumi, kwa kuwa haina hisia ya maumivu. Mtu anaweza kusoma gazeti huku picha yake inatisha. Miale ya leza na sindano za jicho husaidia kulinda uwezo wa kuona uliobaki; uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi. Ndiyo sababu mtu mwenye kisukari anatakiwa kuchunguzwa retina angalau mara moja kila mwaka. Ninyi mna kipimo cha sukari kwenye mikoba yenu. Kila mnapomkuta mtu wa sukari nyumbani, ulizeni swali la pili: jicho lako lilipigwa picha lini?

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, inanipa mfano mzuri zaidi wa kile ninachokisema kuhusu rekodi. Katikati ya kile kisahani cha neva kuna kishimo. Glakoma ikiendelea kuua nyuzi za neva, kishimo hupanuka. Taabu ni kwamba wako watu waliozaliwa na kishimo kikubwa na hawana ugonjwa wowote. Ukiwa na picha moja tu, hata mtaalamu anaweza kubaki na shaka. Ukiwa na picha mbili za jicho lile lile, moja ya mwaka huu na nyingine ya miaka mitatu iliyopita, unaziweka sambamba na kuona kama kishimo kimepanuka au kimekaa palepale. Yaani picha ya leo, ambayo labda haina ugonjwa wowote ndani yake, inaweza kuwa ndiyo itakayookoa jicho mwaka 2030. Lakini lazima ipatikane mwaka 2030.

Katika chumba cha habari picha isiyo na maelezo haichapishwi. Nani, wapi, lini. Kwa retina kuna la nne: jicho gani. Kwa kamera ya mezani, kisahani cha neva cha jicho la kulia huonekana upande wa kulia wa picha, na cha jicho la kushoto upande wa kushoto, hivyo mtu anaweza kujisahihisha. Lakini anayetumia simu pamoja na lenzi ya kushika mkononi hupata picha iliyogeuzwa juu chini na kulia kushoto, na hapo hesabu hiyo humpotosha. Andikeni palepale. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, kulia au kushoto. Na mgonjwa aondoke na nakala au namba ya faili, kwa sababu watu wanahama, na hospitali anayokwenda mwaka ujao huenda isiwe ile ya mwaka huu.

Majeraha yanataka haraka zaidi. Kijana akipigwa jichoni kwa ngumi, mpira au tawi la mti, retina iliyotikiswa inaweza kugeuka nyeupe. Weupe huo hufifia wenyewe baada ya siku au wiki kadhaa, na damu iliyovuja nayo hunyonywa na mwili. Sasa fikirieni yule aliyeshambuliwa, akachukua fomu ya P3 kituo cha polisi, na fomu ikafika kwa daktari baada ya mwezi. Daktari ataandika anachokiona, na huenda asione kitu, ilhali mtu huyu bado anaona ukungu. Picha ya siku ya kwanza ingekuwa na la kusema. Mahakama hupokea picha za kidijitali, ila kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza zimetoka kwenye kifaa gani na zilitunzwaje. Picha iliyozunguka kwenye simu tano kabla ya kufika faili itakuwa na kazi ngumu kujitetea.

Mafundi wetu wa jua kali pia wasikie hili. Anayegonga chuma kwa nyundo anaweza kurukiwa na kipande kidogo kinachopenya jicho na kuacha tundu lisiloonekana vizuri kwa macho. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi haki ya kufidiwa, na madai yasiyo na rekodi ya siku ya ajali huyumba.

Hata hivyo matibabu hutangulia ushahidi. Jicho lililotobolewa halibonyezwi, halioshwi kwa dawa za kienyeji wala maziwa, na kitu kilichochoma ndani hakichomolewi. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kama kikombe cha karatasi, na mgonjwa apelekwe mara moja. Kamera itasubiri.

Niseme pia kamera isichoweza, kwa sababu sisi watu wa habari tuna tabia ya kusifu mashine kupita kiasi. Mtoto wa jicho akiwa mzito, au damu ikijaa ndani ya jicho, picha hutoka kiza na mgonjwa huhitaji kipimo cha mawimbi ya sauti. Picha ya kawaida pia haifiki pembezoni mwa retina, na huko ndiko michaniko mingi huanzia. Mtu akikuambia anaona vimulimuli, nukta nyeusi nyingi zinazoelea ghafla, au kama pazia linashuka upande mmoja, mpeleke siku hiyo. Asitulizwe na picha ya mwezi uliopita iliyosema ni sawa.

Wengine mtasema haya ni ya hospitali kubwa za Nairobi. Kenya ina historia yake hapa, na ilianzia mashinani. Mwaka 2007 na 2008 Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake walizunguka Nakuru kuwachunguza watu wa miaka 50 na zaidi, na retina zao zikapigwa picha. Miaka sita baadaye Dkt. Andrew Bastawrous na timu yake waliwarudia watu hao hao, wakibeba kamera nzito hadi mahali pasipo na umeme wala barabara nzuri. Katika shughuli hiyo walijaribu kifaa kidogo cha kubandika kwenye simu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa mtu asiye na elimu ya tiba, akifundishwa, aliweza kupiga picha za neva ya jicho zenye ubora sawa na za mpiga picha mzoefu wa retina. Kwa maneno mengine, mtu kama ninyi au mimi.

Dkt. Mathenge baadaye alifanya kazi Rwanda, na utafiti mmoja wa huko naurudia kila ninapopata nafasi. Watu wenye kisukari walipigwa picha. Kundi moja lilipewa majibu palepale, yaliyosomwa na kompyuta. Jingine lilisubiri siku chache hadi wasomaji wa kibinadamu wamalize. Katika waliosubiri, karibu watu 4 kati ya 10 ndio waliokwenda kwa daktari wa macho kama walivyoagizwa. Katika waliopewa majibu siku hiyo, zaidi kidogo ya nusu walikwenda. Kwangu mimi takwimu hizo zinauma pande zote mbili. Majibu ya haraka yanasaidia, na bado karibu nusu ya walioambiwa ana kwa ana hawakufika. Hakuna kamera inayoweza kwenda kumgongea mtu mlango kumuuliza kwa nini hakufika, kama ni nauli, kama ni woga, au kama ni mume aliyesema shughuli ziishe kwanza. Ninyi mnaweza, na mnajua ni mlango upi.

Jambo la mwisho ni siri ya mgonjwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, habari za afya ni nyeti. Mpangilio wa mishipa ya retina ni wa mtu mmoja tu, kama alama za vidole, hivyo kufuta jina pekee hakutoshi kumficha. Picha za wagonjwa zisiwekwe kwenye makundi ya WhatsApp ya wadi, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Zipelekwe kwa afisa wa macho kwa njia ambayo idara imeiweka. Nasi wa jarida hili hatutachapisha jicho la mtu yeyote bila idhini yake ya maandishi.

Nimemaliza yangu. Kamera iko chumba cha pili mkono wa kushoto. Mtaingia watu sita sita, na wa kwanza kuketi kwenye kiti ni mimi. Wenye kisukari miongoni mwenu, na najua mpo, msiondoke kabla hamjapigwa picha zenu.